Vidole Tu

Kwa miaka yangu yote ya ukalimani hapa Birmingham nimegombana na wengi: wasimamizi wa kampuni iliyokuwa ikinituma kazini, walinzi wa mageti, madereva wa basi, hata mashine ya kuuza chai kwenye kliniki ya macho. Wote hao nimewasamehe, au nimewasahau, na kwa umri wangu yote ni mamoja. Lakini kuna neno moja la Kiingereza ambalo mpaka leo nikilisikia kichwa kinanigonga. Neno lenyewe ni "just". Nimestaafu juzi, na ninyi vijana mnaobaki mliniomba niwaandikie machache ya kuwafaa. Nadhani mlitaka maneno ya kutia moyo. Hayo mtayapata kwa mchungaji. Mimi nitawaandikia habari za "just".

Hakuna Mwingereza anayemaliza sentensi tatu bila kulitia. Nesi anayekujia na sindano ndefu, yeye ni "just" anakuchoma kidogo. Karani aliyekukalisha asubuhi nzima anaomba "just" dakika moja. Wachimba barabara wa kona ya kwetu, Washwood Heath, walibandika tangazo kwamba watakuwepo "just" kwa majuma machache. Mjukuu wangu ameanza shule, amejua kusoma, na tangazo ndilo analosomea.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti ya kanisani na viatu vilivyonibana. Mgonjwa alikuwa bibi mmoja wa Tanga aliyekuja kumtembelea binti yake, tumbo likamshika. Mnajua kanuni ya kazi yetu: unasema kwa nafsi ya kwanza. Daktari akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Mgonjwa naye akisema "naumwa", wewe uliye mzima kabisa unamgeukia daktari na kusema naumwa. Basi daktari akasema kwamba sasa atalipapasa tumbo la bibi, nami nikasema kwa sauti ya mtu aliyefuzu mafunzo, "Sasa nitalipapasa tumbo lako." Bibi akaivuta kanga yake mpaka kifuani, akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani.

"Wewe?" akasema. "Na huyu mzungu kazi yake nini?"

Aliyeniokoa ni Nermin. Alikuwa mkalimani wa Kituruki, mwanamke mfupi mwenye koti la kijani na mfuko wa mbegu za alizeti, na kampuni ilikuwa imempa kazi ya kunitazama siku hiyo. Kiswahili hakujua hata salamu, lakini uso wa bibi aliusoma. Akaninong'oneza nisimame kwanza, nimweleze mgonjwa kazi yangu kabla daktari hajafungua kinywa tena. Nikamwambia bibi kwamba mimi ni mdomo na masikio, mwenye mikono ni yule. Bibi akafikiri kidogo. "Haya, Mdomo," akasema, "endelea." Aliniita Mdomo mpaka alipotoka hospitalini.

Nermin alinitangulia kazini kwa miaka mingi, na aliniambia nimwite Nermin abla, yaani dada mkubwa, kwa kuwa kwao mtu aliyekuzidi umri hatajwi jina kavu. Jambo hilo peke yake lilinifanya nimpende, maana wasimamizi wetu vijana walikuwa wakiniita Mkawasi, Mkawasi, mimi mama mtu mzima, kana kwamba tulichunga mbuzi pamoja kule Voi.

Alinifunza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha mafunzo. Kabla ya salamu, sogeza kiti. Kiti chako kikae nyuma kidogo ya mgonjwa, ubavuni, ili yeye na daktari watazamane wao, wasikutazame wewe. Usipake manukato. Beba kalamu yako, kwa sababu utakayoazimwa lazima itakauka wino. Usipande lifti na mgonjwa, maana humo ndimo atakamokueleza mambo ambayo hakumwambia daktari, kisha uyabebe wewe. Na usikae naye kwenye chumba cha kusubiri.

Hili la mwisho, kwa Waturuki sijui, lakini kwetu sisi ni mateso. Mtu yuko peke yake katika jengo zima lisilosema lugha yake. Anakusikia ukisema Kiswahili kwenye simu. Uso unamfunguka. Anakuuliza umetoka wapi, unasali wapi, watoto wangapi, na huyo mama wa Nakuru anayeimba kwaya unamjua? Nawe unajibu maneno mawili, unanyanyuka na mkoba wako kwenda kukaa kiti cha mbali, chini ya bango la kuosha mikono. Nimeitwa mwenye maringo kwa Kiswahili cha nchi tatu. Mkongo mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba ataniombea.

Sasa nije kwenye neno letu. Siku moja mwanzoni kabisa, Nermin abla akiwa bado anakaa nami chumbani kunitazama, nilimkalimania mama mmoja wa Kisumu aliyetakiwa kupigwa picha ya titi. Nesi alikuwa na "just" nyingi kuliko pumzi, na mimi kila nilipoikuta niliweka "tu". Vua shati tu, simama hapa tu, tutabana kidogo tu, ni picha tu. Tulipotoka, Nermin abla akaniuliza kwenye kantini hiyo "tu" ni mdudu gani, maana aliisikia ikigonga kila mara, ilhali sura ya yule mama ilizidi kukunjamana. Nikamwambia ndiyo "just". Akaweka kikombe chini. Chai ya pale ilimchukiza vilevile kama ilivyonichukiza mimi, na hilo ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana.

Akaniambia kwamba kwa Kituruki mtu hawezi kufanya uvivu huo, kwa sababu lugha yao haina neno moja la kubeba mizigo yote ya "just". Inakulazimisha kuuliza kwanza: "just" ya nini? Mtu akiomba maji peke yake, bila kingine, ni *sadece*. Akiwa ameingia mlangoni punde, ni *az önce*. Akiwa bado mgeni, hajazoea, utasema *daha yeni*. Ikiwa jambo limetokea wakati uleule hasa, si kabla si baada, ni *tam*. Ukifanya kitu kwa ajili ya mtu mmoja na si mwingine, ni *sırf*. Na ile "just" ya nesi, isiyo na maana yoyote ila kulainisha mdomo, wao wanaitilia *bir*, kajineno kadogo ka moja: *bir bakayım*.

Nikamwambia hiyo ya mwisho ninayo. Sisi tunasema hebu. Hebu nitazame. Akalirudia mara kadhaa, hebu, hebu, akalipenda. Na mimi nikaanza kuhesabu vya kwangu, kwa aibu kidogo, maana nilikuwa navyo vyote kabatini na nilikuwa natembea na kimoja: tu, hivi punde, ndio kwanza, hasa, hebu.

Halafu akanionya juu ya moja. Waturuki wana msemo *altı üstü*, maana yake chini yake na juu yake, yaani kitu chenyewe chote ndicho hicho, hakina ukubwa zaidi. Nguo imechanika, altı üstü ni nguo. Hiyo nayo ni "just". Akasema hiyo ndiyo uiogope. Mtu ana haki ya kuisema juu ya nguo yake mwenyewe. Juu ya nguo ya mwenzio ni tusi, hata ukiisema kwa tabasamu. Na madaktari, akasema, husema hivyo mchana kutwa juu ya miili ambayo si yao, kwa nia njema kabisa. Nikamwambia kwetu tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akauliza kunguni ni nini. Nilipomweleza alicheka mpaka mbegu zikamwagika.

Tangu siku hiyo, kila tulipokutana baada ya kazi, hakuniuliza habari za nyumbani kwanza. Aliniuliza, "*Just* umeliweka wapi?" Nami nilitakiwa kujibu. Kuna siku nilitamani kumtupia kikombe.

Miaka ikaenda. Nimefanya ukalimani wodi za uzazi na ofisi za shule, na Winson Green nimeingia gerezani mara nyingi kuliko wezi wengine, na kila mara mlinzi aliniambia niache "just" kila kitu. Kisha wakaja na tableti. Mkalimani akawa uso kwenye kioo, na mgonjwa mwenye masikio mabovu akawa anakiinamia kioo kama anayechungulia kisima. Baadaye wakaja na tableti isiyo na uso kabisa, inayotafsiri yenyewe. Nilishuhudia ikimwambia mzee aliyeambiwa angoje kidogo kwamba asubiri haki, maana "just" ni haki pia. Mzee alikuwa ameomba hifadhi, kesi yake ilikuwa bado, akasema amezoea. Wasimamizi walipoulizwa walisema ni matatizo madogo tu ya mwanzo.

Nermin abla aliishia hapo. Alistaafu akarudi kwao Izmir, kwenye nyumba aliyoijenga kwa muda mrefu. Mimi nilikuja Birmingham kwa miaka miwili tu, na ile "tu" yangu naijua vizuri. Kiwanja changu cha Voi kina nyasi hadi leo, na jirani analisha mbuzi wake humo bila kuniuliza.

Mwaka wangu wa mwisho ndipo nilipokutana na Papa Asukulu. Alikuwa mzee wa Kikongo kutoka Fizi, aliyekuja kwa ukimbizi na kupewa nyumba Newtown, ghorofa ya juu. Alikuwa na kisukari. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekufa, vyeusi, na daktari wa upasuaji alitaka kuvitoa kabla ubaya haujapanda. Alikuja na binti yake Neema, msichana anayefanya kazi kwenye maghala, aliyekulia hapahapa, anayesikia Kiswahili chote na kujibu zaidi kwa Kiingereza.

Nesi akamuuliza mzee ameishi nchi hii kwa muda gani. Akajibu, "Tumefika juzi tu."

"Papa, I was in Year Four," Neema akasema, yaani alikuwa mtoto wa darasa la nne. "Sasa naendesha gari."

Akatueleza, mimi na nesi, kwamba sanduku la baba yake bado liko juu ya kabati na nguo ndani, na kwamba kila mwaka akimwambia alifungue, anaambiwa si ndio kwanza wamefika. Mzee alitabasamu kama anayesikia habari za jirani.

Daktari alikuwa kijana mrefu, mwenye haraka na adabu pamoja. Alieleza vizuri. Alisema mara kadhaa kwamba asiogope, si mguu, ni "just" vidole, "just" vitatu, atalala siku chache na kutembea tena. Nilijua hiyo ni "just" gani. Lakini kiapo chetu ni bila kuongeza, bila kupunguza. Nikasema: ni vidole tu. Papa Asukulu akainamisha kichwa. "Ndiyo, docteur. Asante sana, docteur." Akatia sahihi kwa utaratibu, herufi moja moja.

Siku ya upasuaji hakuja.

Wakampangia siku nyingine, na kliniki nyingine kabla yake. Akaja kliniki, amevaa tai. Daktari akaeleza tena, akachora na picha. Vidole tu. Asante sana, docteur. Neema akamwuliza mbele yetu sote kama safari hii atakwenda, akasema Mungu akipenda. Siku ya upasuaji Neema alifika nyumbani na gari, akakuta baba yake ametoka kwenda maombi ya asubuhi na simu ameiacha juu ya meza.

Hapo kila mtu alikwisha kuchoka, na mimi nilichoka kuwashinda. Niliudhika na daktari kwa haraka yake. Neema alinikera kwa kupumua kwa nguvu. Nesi alikuwa akimsemesha mzee kwa sauti kubwa kana kwamba Kiswahili ni ugonjwa wa masikio. Lakini zaidi ya wote niliudhika na mzee mwenyewe. Ikiwa hutaki, sema sitaki. Unatia sahihi, unashukuru, unavaa tai, halafu unajificha kanisani. Ninyi wenzangu mnajua kwamba kwetu mtu mzima hamkatalii mkubwa usoni, na daktari ni mkubwa hata akiwa na umri wa mjukuu wako. Nami nalijua. Ila kulijua jambo hakukuzuii kutaka kumtikisa mtu mabega.

Kliniki ya tatu daktari alisema wazi. Mzee asipofika tena ataondolewa kwenye orodha, arudi kwa daktari wa mtaa, aanze foleni upya. Na mguu hauna muda wa foleni. Ubaya ulikuwa umeshafika kwenye wayo, na ukipita kifundo itakuwa mguu mzima, au yeye mwenyewe. Nikayasema yote hayo kwa nafsi ya kwanza, kwa sauti ileile. Neema alikuwa ameanza kulia bila kelele.

"Papa, please," akasema. "They're just toes."

Hakuhitaji mimi nimtafsirie. Mzee alimtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza nikaona amekasirika. Si sana. Kidogo, puani. Kisha akanigeukia, akafungua kinywa kusema asante docteur.

Nikainua mkono.

Ni jambo tunaloruhusiwa, na Nermin abla alinifunza kulitumia kama chumvi. Mkalimani akiona kuna jambo halipiti kati ya watu wawili, anainua mkono, anatangaza kwa lugha zote mbili kwamba sasa anasema yeye mwenyewe, anasema kwa ufupi, kisha anarudi nyuma ya kiti. Haruhusiwi kusema anachodhani mgonjwa anawaza. Na kwa kweli sikujua mzee anawaza nini. Nilijua tu kwamba *altı üstü* imesemwa juu ya mwili wake tangu mwaka uanze, na leo imesemwa na mtoto wake.

Nikasema: "Mkalimani anasema. Hapa ndani limerudiwa sana neno linalofanya vidole vya mzee kuwa kitu kidogo. Mkalimani hajui kama kwake ni kitu kidogo. Anaomba aulizwe."

Nilifikiri kazi yangu imekwisha, na nikaanza kufikiria barua ya malalamiko itakavyoandikwa. Daktari akafunga kalamu yake, akaiweka mfukoni, akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. Akamuuliza mzee: kwako wewe, vidole hivi ni nini?

Papa Asukulu alijipangusa uso kwa leso.

"Docteur, pardon," akasema. "Mimi sikukataa kukatwa. Nauliza tu. Mukisha kukata, vile vidole munavipeleka fasi gani?"

Fasi kwao ni mahali. Naye, mnaona, akaitia "tu" yake. Hiyo ilikuwa hebu. Nikaiweka palepale alipoiweka.

Daktari akasema ukweli, na kwa hilo nilimheshimu. Alisema vinachunguzwa, kisha vinapelekwa kuchomwa moto pamoja na vitu vingine vya hospitali. Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa jambo alilolijua. Kisha akaeleza. Kaka yake mkubwa alikatwa mguu na vita. Wao waliuchukua ule mguu wakauzika nyuma ya nyumba, wakaomba, wakaimba. Miaka ilipita, kaka akafa, wakamlaza palepale penye mguu wake.

"Alienda muzima," akasema. "Ule mutu alienda muzima."

Neema alikuwa ameacha kulia. Habari za baba yake mkubwa hakuwa amewahi kuzisikia, maana hakuna aliyemweleza, na yeye hakuuliza.

Daktari akauliza kwa nini mzee hakuyasema haya tangu mwanzo. Swali la haki, nami nililiuliza kwa moyo wangu wote. Papa Asukulu akamtazama kwa huruma.

"Docteur, ulisema ni vidole tu. Mutu mwenye anaona ni vidole tu, nitamuomba namna gani anipe nizike?"

Nikaipeleka kwa Kiingereza kama ilivyo.

Daktari alisema kwamba katika kazi yake hajawahi kuombwa kitu hicho, lakini anaamini mtu akitaka kilicho chake anapewa, na ataulizia. Akatoka. Tukakaa. Nesi alimletea mzee maji na kumsemesha kwa sauti ya kawaida. Daktari aliporudi alisema inawezekana. Kuna mtu wa kuonana naye, kuna utaratibu, vitawekwa vizuri na jina lake. Papa Asukulu akasimama juu ya mguu wake mbovu, akampa mkono, mkono wa kulia ukishikwa kiwiko na wa kushoto, kama tunavyowapa watu wazima.

"Donc nitakuja," akasema, donc yao ikiwa ni basi yetu.

Alikuja. Neema aliniambia kliniki iliyofuata kwamba mzee ndiye aliyemwamsha yeye, na walifika kabla milango ya wodi haijafunguliwa. Mguu ulibaki. Kanisa lao liliwasaidia kupata kaburi ambalo siku moja litakuwa la mzee mwenyewe, na mchungaji akawaambia watu wavae kama wanavyovaa msibani. Mzee alinialika kwenye mazishi hayo ya vidole, palepale mbele ya nesi. Nikamwambia siwezi. Kanuni ya kazi hairuhusu kukutana na mgonjwa nje, si msibani, si harusini. Akasema anaelewa. Alisema vivyo hivyo alivyokuwa akisema asante docteur, na nilirudi nyumbani na basi nikiwa na hasira na kanuni zote nilizowahi kutii.

Nikampigia Nermin abla Izmir, nikamsimulia yote isipokuwa majina. Hakuniuliza swali lake. Alisema nimefanya vizuri kuinua mkono, na akauliza kama kantini bado inauza ile chai.

Nilipostaafu walinipa keki na kadi kubwa yenye sahihi za watu nisiowajua. Meneja alisema wangependa "just" kunishukuru. Nilikata keki. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo nilivaa suti ileile ya kanisani, imenibana sasa yenyewe badala ya viatu, nikaenda kwenye ibada ya Wakongo pale Newtown. Nilikaa kiti cha karibu kabisa na Papa Asukulu. Akaniuliza nimetoka wapi, nasali wapi, watoto wangapi. Nikamjibu yote kwa urefu, na mengine ambayo hakuuliza. Ibada ilipokwisha Neema akatupeleka makaburini na gari lake, akabaki nalo njiani kwa kuwa hakuna pa kuegesha.

Ni mahali padogo, chini ya ukuta, kuna msalaba wa mbao na jina lake yeye aliye hai. Sikujua mtu anasema nini mbele ya kaburi kama hilo, basi nikasema pole. Akasema asante. Aliegemea fimbo yake akang'oa magugu mawili matatu kwa mkono, bila haraka, kama mtu aliye uani kwake. Nikamuuliza habari za sanduku. Akasema Neema amelichukua, anaweka humo mablanketi.

Mfanyakazi wa makaburi akapita na mashine ya kupuliza majani. Akaizima alipotufikia. Alikuwa mtu wa makamo, mpole. Akatazama msalaba, akamtazama mzee, akatuuliza kama tuko salama, na kama sisi ni "just" wageni waliokuja kutembea.

Papa Asukulu akanigeukia. "Anasema nini, Mama?"

Nikasogea nyuma kidogo, ubavuni mwake, bila kufikiri. "Anauliza kama sisi ni wageni tu."

Mzee akanyoosha mgongo.

"Mumuambie hapana. Mimi ni mutu wa hapa. Nimeshaanza kuzikwa hapa."

Nikamgeukia yule bwana, nikayasema kwa Kiingereza, kwa nafsi ya kwanza, kama nilivyofundishwa: hapana, mimi ni mtu wa hapa, nimeshaanza kuzikwa hapa. Sikuongeza kitu, wala sikupunguza.